Vijana wa Migosi Wanastahili Zaidi ya Daftari la Skauti

Muhula wa pili ndio muhula wa kandanda. Katika kalenda ya michezo ya shule za sekondari nchini Kenya, raga, magongo na mpira wa vikapu huchezwa muhula wa kwanza, kisha zamu ya soka hufika. Mtaani Migosi, mjini Kisumu, hakuna anayehitaji kutangaziwa. Saa kumi jioni, jua la ziwani likianza kulegea, vijana huonekana wakija kwa makundi kutoka upande wa Kenya Re na Lolwe, njumu zimening'inia shingoni kwa kamba zake. Nyingi ni za mitumba, zilizochaguliwa kwenye marundo ya Kibuye. Ukizitazama kwa karibu utaona soli imeshonwa upya kwa uzi mweusi wa nailoni, mshono mnene wa fundi wa kando ya barabara, na pale kwenye kidole gumba rangi imekwisha hadi ngozi ya ndani imejitokeza. Mwenye njumu hizo akigusa mpira, nusu ya watazamaji humwita kwa jina.

Utabiri nao huanza papo hapo. Wenye bodaboda huegesha pikipiki nyuma ya lango, wauza njugu husogea, na mabishano hushika kasi. "Huyo kumi, mwakani yuko Gor," mmoja husema. "Gor ya nini, omera? Huyo ni wa Ulaya," mwingine humjibu. Mchezo wenyewe huenda ni wa kaunti ndogo tu, hatua ya chini ya ngazi inayopanda hadi kaunti, kisha eneo zima la Nyanza, kisha fainali za kitaifa, na juu kabisa mashindano ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA. Mwaka 2024 mashindano hayo yalifanyika Mbale, Uganda, na mwaka 2025 yakaja Kakamega, safari ya saa moja hivi kwa gari kutoka Kisumu. Kijana anayecheza leo mbele ya watu mia mbili anaweza kujikuta, miezi miwili baadaye, akikabana na mabeki wa Uganda na Rwanda huku makocha wa klabu wakimtazama.

Kando ya mstari, katikati ya kelele hizo, kwa kawaida kuna mtu mmoja asiyepiga makelele. Ana daftari dogo la kurasa za mistari na kalamu ya wino. Anaandika: nambari kumi, mguu wa kushoto, ana mwendo, Kidato cha Tatu. Labda anaongeza nambari ya simu ya kocha. Mchezo ukiisha anafunga daftari na kupanda tuktuk kurudi mjini.

Daftari hilo ndilo daraja zima ambalo Kenya imejenga kati ya uwanja wa shule na soka ya kulipwa. Kuna vijana waliolivuka wakafika mbali. Walioanguka ni wengi kuwashinda, na hakuna aliyewahesabu.

Linganisha na Marekani, ambako kazi ya kumtabiria mwanafunzi mchezaji imegeuzwa kuwa tasnia. Kila msimu wa machipuko timu 32 za NFL, ligi ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani, hukutana kugawana wachezaji waliotoka vyuo vikuu. Wao huuita mgao huo drafti, neno ambalo Kisumu humkumbusha mtu vifuniko vya soda juu ya ubao chini ya mti. Timu iliyoshika mkia huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, raundi saba. Mwaka 2025, mjini Green Bay, walichaguliwa vijana 257. Kabla ya siku hiyo mamia yao huwa wameitwa Indianapolis kupimwa: mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 37, kuruka, kunyanyua vyuma, kukaguliwa magoti na mabega na madaktari, kuhojiwa na makocha. Nyuma ya yote hayo kuna miaka mitatu au minne ya michezo ya chuo, yote imerekodiwa, mingine ikichezwa mbele ya umati ambao Afrika Mashariki haina uwanja wa kuutosha. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huketisha watu zaidi ya 107,000.

Pamoja na vipimo vyote hivyo, wanakosea. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya drafti hiyo, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1936, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. JaMarcus Russell alichaguliwa wa kwanza mwaka 2007, na kufikia 2010 alikuwa ameachwa na timu yake. Tom Brady, aliyetwaa ubingwa wa NFL mara saba, aliitwa wa 199 mwaka 2000; timu zote zilimpita, nyingine mara sita.

Basi kama wenye saa za elektroniki na madaktari wa magoti hukosea kiasi hicho, mwenye daftari la mistari akosee kiasi gani? Tofauti kubwa iko kwenye gharama ya kosa. Kijana wa Marekani asiyechaguliwa amekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Kijana wa Kisumu aliyeacha Kidato cha Tatu akafuata ahadi ya klabu ya Nairobi, kisha akaumia goti mwezi wa pili, hurudi nyumbani bila mkataba na bila cheti cha kumaliza sekondari, KCSE. Hasara yote anaibeba yeye na mama yake.

Kisumu ina mfano wake wa njia iliyokwenda vizuri, na inafaa kuutazama polepole kwa sababu wengi huusimulia haraka mno. Mshambulizi Benson Omala aliingia klabu ya Gor Mahia akiwa bado mwanafunzi wa shule ya Kisumu Day. Mtaani husimuliwa kama hadithi ya siku moja: alionekana, akachukuliwa, akafunga. Ukweli ni mrefu zaidi. Klabu haikumlazimisha kuwa nyota siku hiyo hiyo. Ilimpeleka kwa mkopo Western Stima, akacheza dakika ambazo asingezipata kwenye kikosi kilichojaa wakongwe, kisha akarudi. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 26 ya ligi, sawa na rekodi ambayo Maurice Ochieng, maarufu kama Sonyi, alikuwa ameiweka mwaka 1976. Msimu huo huo wa 2022/23 Elvis Rupia wa Kenya Police akafunga 27 na kuivunja. Msimu uliofuata Omala akatwaa kiatu cha dhahabu kwa mabao 19, na mwaka 2024 akasajiliwa na klabu ya Safa ya Lebanon.

Kilichomjenga Omala ni ile miaka ya katikati, ambayo daftari la skauti halina safu ya kuiandika. Mkopo, subira, kucheza kila wiki, kurudi. Klabu ngapi za Ligi Kuu ya Kenya zinaweza kumwonyesha mzazi karatasi inayosema mwanawe atacheza wapi mwaka wa pili iwapo mwaka wa kwanza utakuwa wa benchi? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mkuu wa shule anapaswa kuuliza kabla hajamruhusu mwanafunzi kutia saini.

Mfano wa pili unatoka upande wa Marekani wenyewe. Philip Mayaka, Mkenya, alipitia shule ya Montverde huko Florida, akaingia Chuo Kikuu cha Clemson, na Januari 2021 akachaguliwa wa tatu katika drafti ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani. Wa tatu, kati ya wachezaji wote wa vyuo wa nchi nzima. Ni Wakenya wachache wa soka waliowahi kutabiriwa makubwa kwa njia rasmi kiasi hicho. Colorado Rapids ndiyo iliyomchukua, na dakika zake kwenye ligi kuu zikawa chache mno. Kutajwa mapema kulimfungulia mlango, lakini nafasi katika kikosi haiji na nambari ya kuchaguliwa.

Mshambulizi Mkenya Michael Olunga yeye alitabiriwa kidogo sana. Alisoma Upper Hill, Nairobi, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kusomea uhandisi, huku akizunguka Tusker na Thika United kabla ya Gor Mahia mwaka 2015, msimu ambao Gor ilimaliza ligi bila kupoteza. Alikwenda Sweden, China, Uhispania, kisha Japan. Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja, Kashiwa Reysol ikiitandika Kyoto Sanga 13-1. Mwaka 2020 alifunga 28 katika ligi kuu ya Japan na kutajwa mchezaji bora wa msimu. Mtu aliyemtazama akiwa na miaka kumi na saba na kuandika "hapana" daftarini hakuwa mjinga. Alikuwa anatazama mapema mno.

Hapa kuna jambo linalojulikana viwanjani na ambalo ni vigumu kulizungumza mbele ya wageni: umri. Katika michezo ya shule, mshambulizi mwenye kifua cha mtu mzima huwapita mabeki wa miaka kumi na tano kama anapita miti. Umati hushangilia, skauti huandika. Miaka miwili baadaye, kwenye ligi ya watu wazima, kifua kile kile hakimsaidii tena kwa kuwa kila mtu anacho, na mbio zake zimekwisha kukua. Huku nyuma, kijana mwembamba wa miaka kumi na tano aliyekuwa akisoma mchezo vizuri kuliko wote hakuandikwa, kwa sababu alisukumwa akaanguka. FIFA imekuwa ikitumia picha za MRI za kifundo cha mkono kuchunguza umri wa wavulana katika mashindano ya chini ya miaka 17 tangu 2009. Michezo ya shule ya Kenya haina uwezo wa kumpima kila mtoto hivyo, na haihitaji. Inahitaji kumbukumbu inayoanza mapema: mtoto aandikishwe akiwa na miaka kumi na miwili, na tarehe yake ya kuzaliwa isibadilike tena. Kudanganya umri wa mtoto ambaye jina lake limekuwa kwenye kompyuta ya shirikisho la soka kwa miaka mitano ni kazi ngumu sana.

Kumbukumbu hiyo ina faida nyingine, na hii ni ya pesa.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa bado unaendelea, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyomlea hupata asilimia 0.25. Kuanzia 16 hadi 23, asilimia 0.5 kwa kila msimu. Tangu Novemba 2022 kuna ofisi maalumu ya FIFA inayosimamia malipo haya, na inachosoma ni pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji: alisajiliwa klabu gani, lini hadi lini. Kisichosajiliwa, kwa pasipoti hiyo, hakikutokea.

Chukua bei inayojulikana. Mkenya Victor Wanyama alipotoka klabu ya Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada ilikuwa pauni milioni 12.5. Kijana wa Migosi akiuzwa siku moja kwa bei kama hiyo, msimu mmoja wa umri wa miaka 14 una thamani ya pauni 31,250, na msimu mmoja wa miaka 16 ni pauni 62,500. Miaka minne ya sekondari, kuanzia 14 hadi 17, inafika pauni 187,500. Pesa hizo zingeweza kumlipa kocha wa mtaa kwa miaka mingi, kununua mipira na njumu ambazo hazijashonwa, na kulipia karo za vijana ambao hawatauzwa kamwe.

Lakini kanuni inataja klabu. Shule haimo. Timu ya mtaa isiyo mwanachama wa shirikisho haimo pia. Kijana anayecheza miaka minne akiwa na jezi ya shule pekee hana hata mstari mmoja kwenye pasipoti yake hadi siku anapotia saini na klabu kubwa, mara nyingi akiwa na miaka kumi na minane. Klabu hiyo kubwa huanza kuhesabiwa kuanzia hapo. Mwalimu wa michezo aliyemnunulia maji na kumpeleka hospitali kwa pesa yake mwenyewe hana dai lolote, wala mtaa uliomtoa. Kanuni zimewekwa wazi kwa yeyote kuzisoma, na sehemu hii ya ziwa imezisahau kwa muda mrefu.

Na Kisumu ndiyo inayopoteza zaidi, kwa sababu klabu zake zimekuwa zikififia huku shule zake zikiendelea kutoa. Beki Joseph Okumu alichezea Chemelil Sugar, klabu ya kiwanda cha sukari cha kaunti hii, kabla ya kwenda Afrika Kusini, Marekani, Sweden, Ubelgiji na mwaka 2023 Reims ya Ufaransa. Chemelil iliporomoka kutoka Ligi Kuu mwaka 2020. Msimu huo huo Kisumu All Stars, iliyokuwa imepanda mwaka mmoja tu kabla, ilishuka baada ya kushindwa na Vihiga United katika mchujo. Beki aliyefika ligi kuu ya Ufaransa alianzia kwenye klabu ambayo leo haiwezi kumpokea mdogo wake. Kila anayesema Kisumu ina vipaji anasema kweli, lakini kipaji bila klabu ya kukaa kwayo kati ya miaka 15 na 20 ni nauli ya basi la usiku kwenda Nairobi.

Uwanja upo. Tena mzuri. Ule wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, uliofunguliwa kwa sherehe za Madaraka mnamo Juni 1, 2021, unaketisha watu wapatao 30,000, na kutoka Migosi mtu anaufikia kwa miguu. Watoto wenye njumu zilizoshonwa wanaziona taa zake jioni. Uwanja ni saruji na nyasi, hauwezi kumsajili mtu.

Wasichana wametangulia katika kulea vipaji vya shule, na wanaume wa soka ya Kenya wangefaidika wakiwatazama. Mwaka 2024 timu ya Kenya ya wasichana chini ya miaka 17, Junior Starlets, ilikwenda Jamhuri ya Dominika na kuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya jinsia na umri wowote, kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Ilifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, iliyokuja kutwaa kombe lenyewe, kisha ikaishinda Mexico 2-1. Wachezaji wake wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari, waliokulia katika michezo ya shule kama ile ambayo Nyakach Girls ya kaunti hii na Butere Girls ya Kakamega zimeipa jina. Kocha Mildred Cheche na wenzake waliijua michezo hiyo kwa undani, wakawaita wasichana kambini, wakawalea kama kundi kwa muda mrefu kabla ya mashindano. Walifanya kazi ambayo skauti mmoja mwenye daftari hawezi kuifanya: walitazama zaidi ya mara moja.

Wanaume nao walionyesha mwaka 2025 kwamba ligi ya nyumbani ina wachezaji. Katika michuano ya CHAN, ambayo ni ya wanaosakata soka katika ligi za nchi zao, Kenya iliongoza kundi lililokuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia, kwa pointi kumi. Ryan Ogam alifunga bao lililoizima Morocco na lile lililoizima Zambia, kisha akasajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Penalti za Madagascar katika robo fainali ziliuma, na bado zinauma. Lakini mwezi ule mmoja, skauti wa Ulaya walikuwa na kitu ambacho huwa hawana kuhusu vijana wa Kenya: mechi kamili zilizorekodiwa, dhidi ya wapinzani wanaojulikana, wachezaji wenye umri na klabu vilivyothibitishwa. Mtu aliweza kupima badala ya kukisia. Michezo ya shule ya Nyanza inaweza kupewa sehemu ya hayo kwa gharama ndogo.

Ndogo kiasi gani? Migosi ni mahali pazuri pa kuanzia kufanya hesabu. Hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi huiita Russia hadi leo kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, iko jirani. Chuo Kikuu cha Maseno kinafundisha udaktari hapa hapa Kisumu. Wikendi moja mwanzoni mwa muhula wa pili, wanafunzi wa udaktari wakiwa na wahadhiri wao, wangeweza kupima urefu, uzito, mapigo ya moyo na magoti ya kila kijana anayechezea shule ya kaunti ndogo hii. Mita thelathini za kukimbia na saa ya simu zinatosha kupata mwendo. Mechi zichukuliwe kwa simu kutoka jukwaani na kuhifadhiwa mahali pamoja, kila mchezaji na nambari yake. Baada ya misimu mitatu, kaunti itakuwa na kitu ambacho hakuna klabu ya Ligi Kuu iliyo nacho: historia ya mwili na mchezo wa kijana tangu utotoni.

Usajili ndio ufunguo wa yote. Kila mwanafunzi anayechezea shule awe pia amesajiliwa na klabu ya mtaa iliyo mwanachama wa Shirikisho la Soka Kenya, FKF, apewe nambari ya utambulisho ya FIFA Connect, na shule na klabu ziwekeane maandishi ya jinsi fedha zitakavyogawanywa iwapo zitakuja. Wapo watakaosema klabu za mtaa zitakula pesa. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo maandishi hayo yawe na saini ya mzazi na nakala ibaki shuleni. Na klabu inayomtaka mwanafunzi kabla hajamaliza Kidato cha Nne ikubali mambo mawili kwa maandishi, kwamba itamlipia hadi afanye mtihani wa KCSE, na kwamba itamtibu akiumia, hata kama haitamtumia tena.

Serikali yenyewe imekwisha kukubali kwamba mchezo ni njia ya masomo. Mfumo mpya wa elimu umeweka sanaa na sayansi ya michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza mwaka 2026. Mkondo huo ukiwa ni vipindi vya darasani tu, huku Jumamosi mtoto anacheza bila kusajiliwa na bila kupimwa, nchi itakuwa imebadilisha jina la somo. Ukiunganishwa na ligi, hospitali na daftari la shirikisho, Kenya itakuwa na kitu ambacho Marekani ilijenga kwa karne nzima, na kinachofaa zaidi mazingira yetu kwa sababu kinaanzia mtaani.

Desemba 2024 FKF ilimchagua Hussein Mohammed kuwa kiongozi wake, na McDonald Mariga kuwa naibu. Mariga anaijua njia hii kwa miguu yake. Alitoka kwenye uwanja wa shule ya Kamukunji, Nairobi, akafika Inter Milan na kuwa katika kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010. Hakuna kiongozi wa soka katika kanda hii anayeweza kusimama mbele ya walimu wa michezo wa Nyanza na kuaminiwa haraka kumzidi. Aje Kisumu kabla ya muhula wa pili kuanza, aketi na chama cha michezo ya shule na idara ya michezo ya kaunti, na waanze na wadi moja. Migosi inatosha. Majina ya vijana wa wadi moja yanaandikika kwa siku chache.

Mzazi naye asingoje mkutano huo. Mtoto wako akirudi nyumbani wiki hii na habari kwamba amechaguliwa kuchezea shule, mpongeze, kisha kesho yake nenda kwa mwalimu wa michezo na umwulize jina lake limesajiliwa klabu gani. Akikuambia hakuna, omba fomu.